Dakika Tano kwa Mguu

Fundi Futi hakuwahi kuamini kitu ambacho hakijapimwa. Ukimwambia meza yako ni kubwa, atakuuliza kubwa kiasi gani. Ukimwambia unakaa karibu, atachekea puani. Futi yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kiboksi, ilikuwa imening'inia kwenye mkanda wake miaka thelathini na moja, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe alimwita Futi, lakini akiwa amekasirika tu. Akiwa na furaha alimwita Baba Nanii, kwa sababu watoto walikuwa watano na hakutaka kupendelea.

Alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda, makabati, na majeneza akiombwa, ingawa majeneza aliyapima harakaharaka bila kuongea. Penseli ilikaa sikioni, chaki mfuko wa shati. Alama yake ilikuwa moja kwa kila kazi, msalaba mdogo. Palipo na msalaba, hapo panakatwa. Kila aliyewahi kushika msumeno karibu naye alilijua hilo, na mafundi wa zege na mabomba nao wanalijua, ndiyo lugha ya kazi hizi.

Mkewe alimpata kwa ugomvi. Alikuja karakana akiwa binti, amebeba kigoda alichomnunulia mama yake, akakitua chini mbele ya wateja na kusema kinacheza. Fundi akasema hakichezi, sakafu ya kwao ndiyo mbovu. Binti akasema mguu mmoja umepungua robo inchi. Fundi akatoa futi, akapima. Ilikuwa robo inchi kamili. Alirekebisha kigoda siku hiyohiyo, na mwaka uliofuata akaoa.

Figo zilimgomea mke huyo, mama wa watoto watano, akiwa na miaka hamsini na nne. Miguu ilivimba, pumzi ikakata, wakaenda hospitali, daktari akasema mashine. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, kwa maisha yote yaliyobaki. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Damu inatoka kwa mpira mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mpira mwingine. Siku ya kwanza Fundi alisimama mlangoni akaona damu ya mkewe inazunguka nje ya mwili wake, akatoka, akaenda kukaa ndani ya pikapu nusu saa. Aliporudi alisema alikuwa anaangalia oili.

Kwenye chumba cha mashine kulikuwa na muuguzi ambaye wagonjwa walimbandika jina la Mkono Mwepesi. Sindano ya mashine si ya mchezo. Ni nene, na mshipa wa mama yule ulikuwa na tabia ya kukimbia. Wauguzi wengine walichoma mara tatu, mara nne, mkono ukabaki na mabaka ya zambarau. Mkono Mwepesi alifumba macho, akapapasa kwa vidole viwili, akauliza habari za wajukuu, na kabla hujamaliza kumjibu sindano imeshaingia. Mara moja tu, kila siku. Mke wa Fundi alisema hospitali wanaweza kuihamishia kwenye hema wakitaka, mradi Mkono Mwepesi awemo humo hemani.

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Pikapu inaegeshwa mbele ya hospitali, mama anashuka, hatua kumi na tisa hadi mlangoni. Nani kahesabu, usiulize.

Halafu hospitali ikaamua kujengwa upya.

Hakuna mwenye akili zake aliyepinga. Jengo la zamani lilivuja, lifti ilikuwa imekufa, na chumba cha mashine kilikuwa na vitanda sita kwa watu arobaini. Jengo jipya lingekuwa na ghorofa saba na vitanda ishirini vya mashine. Picha yake ilibandikwa getini, vioo vitupu, na watu wembamba wanatembea na mikoba. Kwenye picha nzima hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Ila jengo lazima likae mahali, na mahali penyewe ni pale pale palipokuwa maegesho. Pakazungushiwa mabati. Chini ya picha kukawa na tangazo: kwa miaka miwili na nusu, magari yote yataegeshwa na kushusha watu kwenye uwanja wa mpira wa zamani. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa herufi nene, kwamba kutoka uwanjani hadi hospitali ni dakika tano kwa mguu.

Kundi la simu la mtaa likawaka. Wengine walisema watu wamezidi uvivu, wanataka kuegesha hadi kitandani. Wengine wakauliza mkurugenzi yeye ataegesha wapi. Jamaa mmoja mcheza mpira, umri miaka ishirini na sita, aliandika kwamba kutembea ni dawa ya bure, akapata mioyo mia mbili na kitu. Wauguzi waligoma kuingia zamu asubuhi moja hadi wakapewa nafasi kumi na mbili kando ya geti dogo, karibu kabisa na chumba cha mashine. Wagonjwa hawakugoma. Ukishakuwa mgonjwa, utagomea nini?

Jumatatu ya kwanza Fundi aliegesha uwanjani, akamshika mkewe mkono, wakaanza. Njia ilikuwa ya zege, nyembamba, imeambaa na mabati. Mama alisimama penye nguzo ya umeme akasema anatengeneza kilemba. Akasimama tena penye bomba, akasema anatazama ujenzi, ingawa mabati yalikuwa marefu kuliko yeye. Mara ya tatu hakutoa sababu. Alisimama mara saba. Saa ya Fundi ilisema dakika thelathini na nne.

Kila aliposimama, Fundi aliinama na kuchora msalaba kwa chaki. Mkewe alimuuliza anafanya nini, akajibu ni mazoea tu. Hayakuwa mazoea. Alitaka kujua kama misalaba itasogeleana. Jumatano akafuta ya zamani kwa soli ya kiatu na kuchora mipya. Msalaba wa kwanza ulikuwa umerudi nyuma hatua mbili kuelekea kwenye gari. Jumatatu iliyofuata, hatua tano. Nguvu za mkewe zilikuwa zinapungua na yeye alikuwa na vipimo vyake, na huyu ni mtu ambaye maisha yake yote aliamini kwamba kitu kikishapimwa kinarekebishika.

Jumatano ya wiki ya pili, wakirudi, mama alikaa kwenye ukingo wa mtaro akavua kiatu.

"Ijumaa naiacha," alisema.

"Unaiacha vipi?"

"Naiacha kama watu wanavyoacha sigara. Jumatatu na Jumatano zinanitosha."

Fundi akampigia simu Mkono Mwepesi akitegemea atamgombeza mgonjwa wake. Sista hakugombeza. Aliomba azungumze na mama mwenyewe, akamweleza taratibu kwamba maji yasipotolewa yanapanda kwenye mapafu, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Mama alisikiliza, akashukuru, akarudisha simu. Ijumaa hakwenda. Hadi Jumapili alikuwa analala ameketi, amezungukwa na mito, na akiongea maneno matatu lazima atafute pumzi ya neno la nne. Fundi alishinda karakana akipiga randa ubao mmoja hadi ukaisha.

Jumatatu walikuta mashimo.

Mashimo saba, yamechimbwa kwa sululu katikati ya njia, kila moja lenye kina cha goti. Vibarua walikuwa wametumwa kuchimba mashimo ya nguzo za taa. Waliambiwa wafuate alama. Aliyetakiwa kuweka alama hakufika kazini, nao walikuta misalaba, imechorwa vizuri, kwa chaki, na mkono wa fundi. Nani angeuliza? Wakachimba palepale kila alipopumzika mke wa Fundi Futi.

Mama alisimama ukingoni mwa shimo la kwanza. Alitazama ndani, akatazama mengine mbele, akamgeukia mumewe.

"Futi," alisema. "Makaburi saba yote ya nini? Mimi ni mmoja."

Alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi kilichomkalisha chini. Fundi hakucheka. Alimbeba mgongoni, mwanamume wa miaka sitini na moja, akapita ukingoni mwa mashimo saba huku watu wanapisha. Kuna aliyepiga picha. Jioni ilikuwa kwenye kundi la simu, na chini yake mtu kaandika kwamba mapenzi bado yapo duniani. Mapenzi, sawa. Ila njia ndiyo haikuwepo.

Alhamisi uongozi uliitisha mkutano wa maegesho kwenye ukumbi wa mapokezi ya zamani. Watu walijaa hadi nje. Waendesha pikipiki walitaka kuruhusiwa hadi mlangoni. Wenye magari walilalamika kwamba uwanjani wanaibiwa vioo vya pembeni. Mwanamke mmoja alisema amejifungulia uwanjani, ikabainika ni mdogo wake ndiye aliyejifungua, na si uwanjani, ila aliendelea kuongea kwa uchungu uleule. Saa nzima ilipita hivyo. Ndipo mhandisi wa mradi, aliyekuwa na kofia ya plastiki kichwani hata ndani ya nyumba, alipopewa nafasi, na yeye akawa na swali lake.

"Nataka kujua ni nani alichora misalaba kwenye njia yangu."

Fundi Futi alisimama upande wa nyuma.

"Ni mimi."

"Mzee, unajua kwa fundi msalaba maana yake nini?"

"Mimi ni seremala. Najua, ndiyo maana naona aibu." Alivua kofia yake, akaishika. "Pale nilipoweka msalaba ndipo mke wangu anaposimama kuvuta pumzi. Anakuja kwenye mashine. Anasimama mara saba kwenda, na mara saba kurudi. Mmeandika dakika tano kwa mguu. Mimi nimepima thelathini na nne. Sasa naomba kuuliza. Kwa mguu wa nani?"

Mtu mmoja alicheka upande wa dirishani, kisha akagundua yuko peke yake.

Mhandisi alisema alitembea mwenyewe na saa mkononi. Fundi akamwambia ni mguu mzuri, Mungu amtunzie. Mhandisi akavua kofia na kukaa.

Daktari mkuu, mwanamke mzito wa maneno, aliuliza kama kuna wagonjwa wa mashine wanaokosa siku zao kwa sababu ya njia. Akasema kama ndivyo, lipo geti dogo, gari linaweza kumshusha mgonjwa pale, ila zile nafasi kumi na mbili za wauguzi itabidi ziondoke. Hapo wauguzi wakachachamaa. Mmoja aliuliza kwa hiyo wao ndio hawana miguu ya kuchoka, wanasimama kwa saa kumi na mbili kisha watembee hadi uwanjani. Alikuwa na haki. Tuache unafiki, ukumbi mzima ulijua kwamba ana haki, na kwamba Fundi naye ana haki, na kwamba geti ni lile moja.

Daktari mkuu akarudia swali lake, safari hii akimtazama Mkono Mwepesi, aliyekuwa amekaa katikati ya wenzake na mkoba mapajani.

Mkono Mwepesi alisimama.

"Wanne," alisema. "Wiki hii peke yake, wanne hawakuja."

Akakaa. Mwenzake wa kulia akasogeza kiti chake mbali naye.

Wiki iliyofuata wauguzi walihamishia magari yao uwanjani, na geti dogo likafunguliwa kwa wagonjwa. Hatua kumi na nne, pungufu hata ya zile za zamani. Mama akarudi kwenye siku zake tatu. Uvimbe ulishuka, alilala amejinyoosha, na Ijumaa moja alimgombeza Fundi njia nzima kuhusu bawaba ya kabati, kwa sauti ya mtu mwenye pumzi. Watu walimpongeza Fundi barabarani. Mhandisi alifukia mashimo akamtumia salamu.

Wiki ya tano, walipofika, sindano ilishikwa na muuguzi mwingine. Alichoma mara nne. Jumatano mara tatu, na Ijumaa mara tano. Mama alitoka amekunja mkono kifuani kama mtoto mchanga, akapanda pikapu bila kusaidiwa, wakaondoka hadi njia panda.

"Umenipunguzia hatua," alisema, "ukaniongezea sindano."

Fundi alisimamisha gari pembeni. Ndipo alipoambiwa. Mkono Mwepesi alikuwa amewekwa zamu nyingine na ameomba uhamisho, anakwenda zahanati iliyo karibu na kwake. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili na nusu. Geti la uwanja wa mpira linafunguliwa saa moja. Nusu saa hiyo hakuna aliyeifikiria. Mwezi mzima alikuwa anaacha gari nyumbani na kupanda mabasi mawili gizani, watoto wanaamkia kwa jirani, na mara tatu alichelewa, na mara tatu aliandikiwa barua ya onyo.

Mama alimaliza kusimulia, akatazama mbele.

"Mabaka yakifika begani," alisema, "Ijumaa naiacha tena. Na safari hii usinibebe."

Siku iliyofuata Fundi alikuwa kwenye banda la mhandisi kabla ya chai. Mhandisi alipomwona na ile futi kiunoni alivuta kiti.

"Leo mguu wa nani, mzee?"

"Wa sista."

Geti la uwanja lilianza kufunguliwa saa kumi na moja na nusu ndani ya siku mbili. Ilikuwa kazi ya simu moja, kumwambia mlinzi awahi na ufunguo. Fundi alimfuata Mkono Mwepesi koridoni kumpa habari, na yeye alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama alivyosikiliza habari za wajukuu.

"Ungekuja wiki tatu zilizopita, mzee wangu," alisema. "Barua ya uhamisho imeshatiwa sahihi. Mwisho wa mwezi naondoka."

Fundi alisema samahani, sista. Alisema hakujua. Akasema tena samahani. Mkono Mwepesi akamwambia kwamba yeye Fundi alisema ukweli ukumbini, na ukweli huo sista mwenyewe aliuthibitisha kwa mdomo wake, kwa hiyo asimwombe radhi kama vile sista alisukumwa.

"Ila ulipima mguu mmoja," aliongeza. "Sisi tulikuwa wengi mle ndani."

Ijumaa yake ya mwisho hakuwa na zamu, lakini alikuja. Alimwita yule muuguzi aliyechoma mara tano, mama wa makamo aliyehamishwa kutoka wodi ya watoto, ambaye alijua anavyosemwa. Alimkalisha upande wa kushoto wa kitanda. Alichukua vidole vyake viwili, akaviweka juu ya mkono wa mke wa Fundi, akaweka vya kwake juu yavyo.

"Usiutafute mshipa kwa macho. Unasikia unavyonguruma? Sasa telezesha. Hapa unapinda, hapa ndipo unapokukimbia. Rudi nyuma kidogo. Hapo."

Akatoa kalamu mfukoni ili atie alama.

"Usiweke msalaba," Fundi alisema kutoka mlangoni, kwa haraka, na chumba kizima kikageuka.

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha Mkono Mwepesi, kisha hata mgonjwa wa kitanda cha tatu aliyekuwa na picha ya mashimo ya njiani kwenye simu yake. Sista akaweka nukta. Muuguzi mgeni akavuta pumzi, akafumba macho kama alivyoelekezwa, akasahau kuuliza habari za wajukuu. Sindano iliingia mara moja.

Mkono Mwepesi alikaa hadi damu ilipoanza kuzunguka. Aliaga kitanda kwa kitanda. Alipofika mlangoni Fundi alimfungulia, akamsindikiza hadi nje, kisha wakatembea pamoja njia yote ya zege hadi uwanjani lilipokuwa gari lake, kwa kuwa siku ile geti lilikuwa wazi. Walipopita penye viraka saba vya zege jipya, sista alikwepa kukanyaga kila kimoja, na Fundi akaona, akafanya vilevile. Hakupima ilichukua dakika ngapi.

Nukta ya kalamu haikai. Kuoga mara mbili tu, imekwenda. Jumapili jioni mama aliketi kwenye kigoda cha mama yake, kile cha robo inchi, akanyoosha mkono juu ya meza. Fundi alitoa futi, akaweka ncha kwenye mkunjo wa kiwiko, akaivuta taratibu kufuata mshipa hadi palipokuwa pamebaki kivuli cha wino. Alisoma namba, akaiandika nyuma ya kadi ya hospitali kwa penseli ya sikioni. Inchi mbili na robo.

"Pima tena," mkewe alisema.

Akapima tena.